Beki anasahau, kipa anakumbuka: Kinachotokea kwenye mishipa ya ubongo

AGOSTI 2021, Denis Law alitoka hadharani na kusema ana ugonjwa wa kusahau. Alikuwa na miaka 81. Huyu ndiye straika wa Scotland aliyeifungia Manchester United mabao 237 na kubeba Ballon d'Or ya 1964. Hakuwa mrefu, lakini akiruka ungedhani kuna kamba imemning'iniza hewani, mabeki wameshatua chini yeye bado yuko juu anausubiri mpira.

Madaktari walimwambia ugonjwa wake ni mchanganyiko. Ndani yake kulikuwa na Alzheimer, ambayo karibu kila mtu ameisikia, na pia aina ile ya kusahau inayoletwa na matatizo ya mishipa ya damu ya ubongo. Law alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 84.

Habari zake zilipotoka, mjadala ulikwenda moja kwa moja kwenye vichwa. Mipira ya ngozi ya enzi zile, iliyokunywa maji ya mvua hadi ikawa kama tofali, krosi za pembeni, kona, mazoezi ya kila siku. Hoja hiyo ina mashiko na tutaifikia. Ila lile jambo la pili, mishipa ya damu, lilipita kimya kimya kama pasi ya kurudi kwa kipa, hakuna aliyeligeukia. Kwangu mimi hapo ndipo penye habari kubwa, kwa sababu linamgusa aliyekipiga kwa miaka 20 na linamgusa pia yule aliyekuwa akimtazama kwenye runinga huku anakula chipsi.

Tuanze na vichwa.

Jeff Astle alikuwa straika wa West Bromwich Albion. Mwaka 1968 alifunga katika kila raundi ya Kombe la FA, na fainali pale Wembley dhidi ya Everton akaimaliza mwenyewe katika muda wa nyongeza, bao pekee la mechi. Bao lile alilifunga kwa mguu wa kushoto, lakini sifa yake ilikuwa kichwa. Alifariki Januari 2002 akiwa na miaka 59 tu, tayari ugonjwa umemfuta kumbukumbu. Novemba mwaka huohuo, afisa wa mahakama anayechunguza vifo alitoa uamuzi ambao ulitakiwa kuusimamisha mchezo mzima: kifo chake kilitokana na ugonjwa wa kazini. Yaani kama mchimba madini anavyoharibiwa mapafu na vumbi la mgodini, Astle aliharibiwa ubongo na kazi yake ya kupiga vichwa.

Mchezo haukusimama. Ilipita miaka 12 kabla ya ubongo wake kuchunguzwa upya, mwaka 2014. Dokta Willie Stewart wa Glasgow, bingwa wa magonjwa ya ubongo, alikuta dalili za CTE, ugonjwa unaotokana na kugongwa kichwa mara kwa mara, uliozoeleka zaidi kwa mabondia.

Wakati huo kikosi cha England kilichotwaa Kombe la Dunia 1966 kilikuwa kinaisha taratibu. Katika 11 walioanza fainali ile dhidi ya Ujerumani Magharibi, watano walipata ugonjwa wa kusahau: Ray Wilson, Martin Peters, Nobby Stiles, Jack Charlton na mdogo wake Bobby. Watano kati ya 11. Stiles aliziuza medali zake mwaka 2010, ikiwemo ile ya Kombe la Dunia, ili familia yake ipate chochote, na aliyeinunua ni Manchester United yenyewe, klabu yake ya zamani.

Shabiki anaweza kusema wazee wote husahau, kuna ajabu gani? Swali zuri. Ndiyo maana Stewart na wenzake wa Chuo Kikuu cha Glasgow walikwenda kwenye makabrasha. Walichukua wachezaji wa zamani wa kulipwa wa Scotland 7,676, waliozaliwa kati ya 1900 na 1976, wakawalinganisha na watu wa kawaida 23,028 wa umri uleule na maeneo yenye hali ya maisha inayofanana. Majibu yalitoka Oktoba 2019. Waliocheza mpira walikuwa na uwezekano wa mara tatu na nusu wa kufa kwa magonjwa yanayokula ubongo. Kwa Alzheimer peke yake, ilikuwa mara tano.

Hapa nataka tusipotoshane, kwa sababu namba hizi zikifika kijiweni huwa zinavimba. Mara tatu na nusu haina maana kwamba kila mchezaji anapata. Katika kundi lile, waliokufa kwa magonjwa hayo walikuwa asilimia 1.7 ya wachezaji, dhidi ya asilimia 0.5 ya watu wa kawaida. Kati ya wachezaji 1,000 ni 17, kati ya majirani zao 1,000 ni watano. Wengi hawakupata. Ila pengo lile ni kubwa mno kusemwa ni bahati mbaya.

MAKIPA WAMEPONA

Mwaka 2021 timu ileile ikarudi na swali ambalo shabiki yeyote angeuliza: nani ameumia zaidi uwanjani? Jibu lilikuwa kama limeandikwa na kocha. Mabeki walikuwa juu kabisa, karibu mara tano ya watu wa kawaida. Makipa? Tofauti yao na watu wa kawaida ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikuweza kuthibitishwa. Aliyecheza miaka mingi alikuwa na hatari kubwa kuliko aliyecheza michache.

Halafu Sweden nayo ikaleta yake Machi 2023. Watafiti walifuatilia wachezaji 6,007 waliocheza ligi kuu ya nchi hiyo kuanzia 1924. Hatari ilikuwa ndogo kuliko ya Scotland, mara moja na nusu, lakini mpangilio ni uleule: wachezaji wa ndani ndio walioathirika, makipa hawakuwa na tofauti na mtu wa mtaani. Nchi mbili, ligi mbili, na mara zote mbili yule anayedaka kwa mikono ndiye aliyesalimika. Kipa anakula mazoezi yaleyale, anasafiri kwenye basi lilelile, analala kambi ileile. Anachokosa ni ile mipira 15 au 20 ya kichwa ambayo beki wa kati anaipiga kwenye mazoezi ya kona.

Sasa kuna jambo katika utafiti wa Scotland ambalo magazeti mengi yaliliruka. Wachezaji haohao walikufa kidogo kuliko watu wengine kwa ugonjwa wa moyo na kwa saratani ya mapafu. Mpira uliwapa mioyo imara. Na kwa kawaida, kinachoulinda moyo huulinda na ubongo, kwa sababu bomba ni lilelile na damu ni ileile. Kwa hesabu hiyo wachezaji walitakiwa wasahau kidogo kuliko sisi. Wamesahau zaidi. Maana yake kuna kitu kinaingia katikati, kati ya moyo mzuri na ubongo unaoharibika, na kinaifuta faida yote ya kukimbia miaka 15.

Ndiyo sababu watafiti wameanza kuangalia mishipa.

UBONGO NI MLAFI

Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia mbili tu ya uzito wa mwili. Lakini ukiwa umekaa tu, hufanyi lolote, unachukua karibu asilimia 20 ya oksijeni yote unayovuta. Na hauna stoo. Misuli ya paja inaweza kujiwekea akiba ya sukari na kuitumia dakika ya 85. Ubongo unategemea kinachofika sasa hivi. Damu ikikatika kwa sekunde chache mtu anazimia. Ikikatika dakika chache, seli zinaanza kufa, na hicho ndicho kiharusi.

Hayo ni ya ghafla, na kila mtu anayajua. Tunayoyazungumza hapa ni ya taratibu: damu haijakatika, inafika, ila inafika pungufu, au mishipa imekuwa migumu, haitanuki pale sehemu fulani ya ubongo inapohitaji damu zaidi. Mwenye hali hii hasikii kitu. Haumwi kichwa wala hasahau ufunguo. Anaendelea na maisha yake kwa miaka.

Namna ya kuipima inavutia. Kuna njia ya MRI ambayo haihitaji hata sindano. Mashine inaziwekea alama ya sumaku chembe za maji zilizo ndani ya damu zinapopita shingoni, kisha inahesabu ngapi zimefika ubongoni na zimekwenda wapi. Ni kama kuwagonga mashabiki muhuri mkononi pale getini, halafu unazunguka majukwaani kuona wenye muhuri wamekaa wapi na jukwaa lipi liko tupu. Njia nyingine ni ultrasaundi inayowekwa kwenye panja, pale mfupa ulipo mwembamba, ikapima kasi ya damu. Kuna pia ya kumpa mtu hewa yenye kabonidayoksaidi ya ziada kidogo. Mishipa yenye afya inatanuka mara moja. Ile iliyochoka inabaki vilevile, kama sabu aliyeitwa aingie na bado anafunga kamba za viatu.

Upande wa pili kuna alama za mwanzo za ugonjwa wenyewe. Alzheimer inaambatana na protini mbili. Moja inaitwa amiloidi, inajikusanya kama uchafu katikati ya seli. Ya pili inaitwa tau, inajisokota ndani ya seli zenyewe hadi zinakufa. Wataalamu wanakubaliana kwamba amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla ya mtu kusahau jina la mjukuu wake. Piga hesabu: atakayeanza kusahau akiwa na 65, uchafu ule umeanza yuko kwenye 40 na kitu, pengine bado anacheza timu ya maveterani Jumapili asubuhi. Zamani ilibidi mtu afe ndipo uonekane. Siku hizi unaonekana kwa skani, kwa maji ya uti wa mgongo, na Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kuutambua, kwa watu wazima ambao tayari wameanza kuonyesha dalili.

Basi watafiti wakaziweka picha hizi mbili pamoja, ya damu na ya protini. Kundi la Montreal nchini Canada lilipitia zaidi ya picha 7,700 za ubongo za watu 1,171 waliokuwa katika hatua tofauti, kuanzia wazima kabisa hadi wagonjwa. Walitaka kujua kipi kinaharibika kwanza. Kila mtu alitegemea amiloidi. Majibu yao, yaliyotoka 2016, yalionyesha kwamba badiliko la mapema kuliko yote lilikuwa kwenye mtiririko wa damu. Mwaka uliofuata kundi la Rotterdam, Uholanzi, linalofuatilia afya za wakazi wa eneo moja la jiji kwa miaka mingi, likaripoti kwamba wale ambao damu ilifika pungufu ubongoni wakiwa bado wazima ndio waliokuwa na hatari kubwa zaidi ya kuugua baadaye.

Je, damu pungufu ndiyo inayoleta protini, au protini ndiyo inayobana damu? Mabingwa wanabishana, na ubishi wao una afya. Mwaka 2019 watafiti wa chuo cha UCL pale London walionyesha kwamba amiloidi yenyewe inazifanya seli ndogo zilizoikumbatia mishipa myembamba kabisa ya ubongo zibane, na mshipa unakuwa mwembamba zaidi. Kwa hiyo protini inabana damu. Lakini pia mishipa ndiyo njia mojawapo ya kuzoa uchafu ubongoni, ikidhoofika uchafu unabaki. Kwa hiyo damu pungufu inaongeza protini. Ukitaka maoni yangu, zote mbili zinapigiana pasi moja-mbili, na anayefungwa ni mwenye ubongo.

TURUDI KWA BEKI

Sasa, hii inahusiana vipi na kona iliyopigwa mwaka 1968?

Ule ugonjwa wa Astle, CTE, unatambuliwa kwa alama moja maalumu pale ubongo unapokatwa na kuangaliwa kwa darubini: ile protini ya tau imejikusanya kuizunguka mishipa midogo ya damu, chini kabisa kwenye mikunjo ya ubongo. Haijatawanyika ovyo. Imeifuata mishipa. Kichwa kinapogongwa, ubongo unacheza ndani ya fuvu kama uji ndani ya bakuli, na mvutano mkubwa unatokea chini ya mikunjo ile, palipo na mishipa. Kwa hiyo mishipa iko kwenye tukio la uhalifu, iwe ni mshukiwa au ni shahidi.

Bellini naye alikutwa nao. Wazee wanamkumbuka, nahodha wa Brazil ya 1958, beki wa kati, yule wa picha maarufu ameinua Kombe la Dunia juu ya kichwa kwa mikono miwili, mtindo ambao manahodha wote wanaufuata hadi leo. Katika uhai wake ilisemwa ana Alzheimer. Alifariki 2014 na ubongo wake ulipochunguzwa ikaonekana CTE. Ugonjwa huu bado unathibitishwa baada ya kifo tu, na hilo linawaacha wazee wengi wakiishi na jina la ugonjwa mwingine.

Kugongwa vibaya mara moja nako kuna habari yake. Fainali ya Kombe la Dunia 2014 pale Maracanã, kiungo wa Ujerumani Christoph Kramer aligongwa usoni na bega la Ezequiel Garay dakika ya 17. Aliendelea kucheza. Baada ya muda alimfuata mwamuzi Nicola Rizzoli na kumuuliza kama mechi hiyo ni fainali. Rizzoli alidhani anatania. Kramer alitolewa dakika ya 31, na alisema baadaye kwamba hakumbuki kipindi kile. Watu tulicheka sana. Yaani mtu anacheza fainali ya dunia na hajui yuko wapi!

Hakuna cha kucheka. Watafiti wa Marekani waliwapima wachezaji wa mpira wa kule kwao, ule wa kofia ngumu, baada ya mtikisiko wa ubongo. Siku ya nane, wengi walikuwa wanajisikia vizuri, wanajibu maswali vizuri, wako tayari kurudi. MRI ikaonyesha damu bado inafika pungufu katika sehemu kadhaa za ubongo. Siku ya kwanza haikuonekana hivyo. Ilishuka baadaye, wakati mchezaji anadhani amepona. Ndiyo maana ile kauli ya "niko fiti, kocha" haitoshi, hata ikitoka moyoni. IFAB iliruhusu majaribio ya sabu ya ziada kwa aliyegongwa kichwa kuanzia 2021, na tangu Julai 2024 imo kwenye sheria kwa mashindano yanayoitaka. Nadhani ilitakiwa iwe lazima kila mahali, lakini mimi si IFAB.

Vichwa vya kawaida, vile vya mazoezi, havimwangushi mtu. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Stirling kiliwapa wachezaji mipira 20 ya kichwa, iliyorushwa na mashine kwa kasi ya kona. Kisha wakapewa majaribio ya kumbukumbu. Uwezo wao ulishuka kati ya asilimia 41 na 67. Kesho yake ulirudi. Ulirudi, sawa. Lakini beki wa kulipwa kesho yake yuko tena mazoezini.

Baadhi ya wakubwa wameanza kuchukua hatua. Marekani iliondoa vichwa kwa watoto wa miaka 10 kushuka chini tangu 2015. Scotland, England na Ireland Kaskazini zilikataza kuwafundisha vichwa watoto wa shule ya msingi mwaka 2020. Mwaka 2021 England ikawashauri makocha wa wakubwa wasizidishe vichwa 10 vizito kwa wiki mazoezini, vizito maana yake vya krosi, kona, mipira iliyokufa na pasi za zaidi ya mita 35. Scotland ikaenda mbali zaidi Novemba 2022: hakuna vichwa mazoezini siku moja kabla ya mechi wala siku moja baada yake. Hii ya mwisho ndiyo naipenda. Haigharimu hata senti, haibadilishi mechi, na kocha wa akademia yoyote, uwanja wa nyasi au wa vumbi, anaweza kuianza Jumatatu bila kusubiri barua ya shirikisho.

Kuna hoja ya mipira ya sasa kwamba ni myepesi. Kwenye mizani mpira mkavu wa zamani na wa leo hautofautiani sana, gramu 410 hadi 450. Tofauti ni kwamba wa leo haunywi maji. Lakini unakwenda kwa kasi zaidi. Katika takwimu za Scotland, hatari haikutofautiana kati ya waliozaliwa mwanzoni mwa karne na waliozaliwa baadaye, ingawa wa mwisho walizaliwa 1976, kwa hiyo kizazi cha mipira ya plastiki mtupu bado hakijazeeka vya kutosha kuhesabiwa.

WEWE ULIYEKAA JUKWAANI

Hapa ndipo ile sehemu ya pili ya ugonjwa wa Law inapotuhusu wengine. Hujawahi kupiga kichwa tangu darasa la saba, lakini mishipa unayo. Adui mkubwa wa mishipa ya ubongo ni presha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuna watu zaidi ya bilioni 1.2 wenye presha, na karibu nusu yao hawajui kama wanayo. Presha hailii filimbi.

Wamarekani walifanya jaribio kwa watu zaidi ya 9,300 wa miaka 50 na kuendelea wenye presha. Nusu walishushwa hadi namba ya juu iwe chini ya 120, nusu wakaachwa kwenye lengo la kawaida la wakati ule, chini ya 140. Matibabu yalisimamishwa mapema mwaka 2015 kwa sababu kundi la kwanza lilikuwa linapona moyo na vifo kwa kiwango kilichowashangaza. Matokeo ya upande wa ubongo yalitangazwa 2019: ile hatua ya mwanzo ya kupungukiwa kumbukumbu ilipungua kwa asilimia 19 kwa walioshushwa zaidi. Kwa ugonjwa wenyewe wa kusahau, tofauti ilikuwepo lakini haikutosha kuthibitishwa, pengine kwa vile matibabu yalikatishwa kabla ya muda.

Kulikuwa na hofu ya zamani, na mitaani bado ipo, kwamba ukiishusha sana presha ya mzee ubongo utakosa damu. Baadhi ya watu wa jaribio lile walipigwa MRI ya kuhesabu damu. Kundi lililoshushwa zaidi halikupungukiwa. Damu ya ubongoni iliongezeka. Sasa hilo halina maana mtu ajipangie dozi mwenyewe. Mzee anayeona kizunguzungu akisimama amwone daktari.

Presha ni moja tu ya mambo yanayoweza kurekebishwa. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14, likasema yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya ugonjwa wa kusahau duniani ungeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kisukari kimo, sigara imo, pombe nyingi imo, kutofanya mazoezi kumo. Kugongwa kichwa nako kumo, orodha ileile. Beki wa zamani anayevuta na mwenye presha asiyoitibu anakaba mastraika watatu peke yake.

Linabaki swali la maveterani, wale wa Jumapili, wenye vitambi na jezi za timu zilizokwisha kufa. Wanauliza: kama ni hivyo, niache? Hakuna utafiti hata mmoja kati ya hivi unaosema kichwa kimoja cha Jumapili kinaleta ugonjwa. Hesabu zote ni za miaka, za wachezaji wa kulipwa, za vichwa vya kila siku. Kukimbia kwenyewe kunaipa mishipa faida ambayo hata wale wa Scotland waliipata moyoni. Kona ikija, mwachie kipa atoke. Na ukigongwa ukaona nyota, toka nje, hata kama timu inaongoza moja bila na imebaki dakika mbili.